Paka wa katuni na lugha iliyotoweka jikoni mwetu

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Umri wangu haujatimia nusu karne, lakini Desemba iliyopita, jikoni mwa mama yangu huko Nyamira, niliona jambo lililonikosesha usingizi. Naomba fursa niwasimulie walimu wenzangu na wanafunzi wasomao safu hii, kwani nashuku kuwa wengi wao wana jambo kama hilo nyumbani mwao bila kulitambua.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Anayeijua milima ya Gusii anaelewa nisemapo mvua: ile inayoanza kama mzaha baada ya saa nane, ikaifunika michai na migomba, na kuwafungia watu ndani hadi magharibi. Mama alikuwa ameketi kando ya meko akichambua maharagwe. Binti yangu wa miaka saba, aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, aliketi karibu naye akitazama katuni kwenye simu yangu. Baada ya muda mama aliliweka ungo kando, akainama, akatazama pia.

Katuni yenyewe ilikuwa ya paka. Bwana mmoja amelala fofofo kitandani. Paka wake ana njaa na anataka kumwamsha. Anamgusa, anamlilia, anampanda kifuani. Bwana haamki. Hatimaye paka anakwenda, anarudi na gongo, anamtwanga nalo kichwani. Bwana anapofumbua macho, paka ametulia kana kwamba hakufanya lolote, na anaonyesha kinywa chake kwa ukucha: chakula. Filamu nzima haina hata neno moja.

Bibi na mjukuu walicheka. Mama alicheka hadi akapangusa machozi kwa upindo wa leso. Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nilijawa na furaha. Nilijiambia: Tazama, umbali wote ulio baina ya hawa wawili umefutwa na paka!

Kisha mama akauliza swali kwa Ekegusii. Aliuliza, "Huyo paka mbona analala chumbani na watu? Kwao hakuna panya?"

Binti yangu alinigeukia. "Baba, bibi anasema nini?"

Mama naye, aliyesubiri jibu la mjukuu wake, alinigeukia. "Mtoto anasema nini?"

Basi mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, ninayelipwa mshahara kuwafundisha vijana jinsi lugha zinavyozaliwa, zinavyokua na zinavyokufa, nilisimama mlangoni nikawa mkalimani baina ya mama yangu mzazi na mwanangu. Nilipomaliza kufasiri swali, utamu wake ulikuwa umekwisha. Mama alilirudia ungo lake.

Msomaji atauliza: ilikuwaje? Jibu si la fahari. Mke wangu anatoka Taita, nami ni Mgusii; tulipooana Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu, na Kiingereza kikaingia kupitia shuleni. Hilo si kosa, na Kiswahili nakienzi kwa moyo wote. Lakini kuna sababu nyingine ambayo sikuwahi kuisema. Katika shule ya msingi niliyosomea, mtoto aliyenaswa akisema Ekegusii alivishwa kibao shingoni, naye alikivaa hadi amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Nadhani nilipopata watoto niliwavua kibao hicho kabla hawajakivaa, na nikaivua lugha pamoja nacho.

Tumrudie paka, maana yeye ndiye aliyetufichua. Katuni ile ni mojawapo ya filamu fupi za Simon Tofield, mchoraji Mwingereza, ambaye alianza kuzionyesha mtandaoni mwaka wa 2008. Ile ya gongo ndiyo ya kwanza. Sauti za paka huyo hutolewa na Tofield mwenyewe kwa kinywa chake. Lakini paka huyu ana babu, na babu huyo wengi wetu tunamfahamu. Mwaka wa 1940, kule Marekani, William Hanna na Joseph Barbera walitoa filamu fupi katika studio ya MGM kuhusu paka anayemwinda panya. Katika filamu hiyo ya kwanza paka aliitwa Jasper. Baadaye akawa Tom, na panya akawa Jerry. Hadi kufikia mwaka wa 1958 wawili hao walikuwa wametengeneza filamu 114 za aina hiyo, na saba miongoni mwazo zilipata tuzo ya Oscar. Tom hasemi ila kwa nadra. Yowe lake anapobanwa mkia lilikuwa yowe la Hanna mwenyewe, na nafasi ya maneno ilishikwa na muziki wa Scott Bradley, ambaye kila hatua ya paka aliipa noti yake.

Kwa nini wachoraji hawa waliwanyima paka wao usemi? Ipo sababu ya sanaa: mwanadamu hucheka mwenzake anapoteleza kabla hajajua kusema. Mtoto mchanga hucheka kabla hajatamka neno. Lakini ipo pia faida ya biashara. Filamu isiyo na maneno haihitaji mfasiri. Huvuka mipaka bila pasipoti. Inachekwa Keroka kama inavyochekwa London na Tokyo.

Hata hivyo, asidhani mtu kuwa kilicho kimya hakina la kusema. Katika filamu za kale za Tom na Jerry alikuwamo mtumishi wa nyumbani, mwanamke Mweusi, ambaye kwa kawaida alionyeshwa miguu tu na uso ukaachwa nje ya picha, na mazungumzo yake yakafanywa kichekesho. Malalamiko yalipozidi, katika miaka ya 1960 baadhi ya filamu hizo zilichorwa upya kwa ajili ya runinga ili aondolewe, na mahali pake pakawekwa mwanamke Mzungu. Mwalimu anayewaonyesha watoto katuni hizi hana budi kulijua hilo. Hana budi pia kuwakumbusha kwamba paka wa katuni akipigwa gongo huinuka, lakini ndugu yao akipigwa gongo huenda asiinuke.

Nayasema haya si kwa sababu nataka tuwafukuze paka hawa. La hasha! Paka mtundu si mgeni kwetu. Mwaka wa 1870 Edward Steere alichapisha kule London mkusanyiko wa ngano za Kiswahili alizozipata Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka akala kuku. Watu wakaenda kushtaki. Sultani akajibu kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, na kila mara jibu likawa lile lile. Mwishowe paka akawa nunda mla watu, na wana wa sultani mwenyewe wakawa miongoni mwa walioliwa. Hapo ndipo mwanawe mdogo alipojifunga kibwebwe kumsaka.

Angalieni jinsi ngano ile ilivyojengwa. Kosa dogo linarudiwa, kila mara likiwa kubwa zaidi, na mwenye paka anazidi kumtetea. Huo ndio muundo wa katuni ya yule bwana aliyelala: anagusa, analilia, anapanda, anapiga. Wasimulizi wa Unguja waliijua mbinu hiyo kabla sinema haijavumbuliwa. Tofauti ni kwamba wao waliijenga kwa maneno, na kila aliyewasikiliza alitoka na lugha zaidi ya ile aliyoingia nayo.

Sisi Abagusii nasi tunazo ngano zetu, emegano, na bingwa wa ujanja ndani yake ni Egesusu, yaani sungura. Paka kwetu huitwa ekemoni, naye kwa desturi hakuwa wa kubembelezwa kitandani. Alikuwa na kazi: kulilinda ghala la wimbi na mahindi. Alikula kwa sababu alifanya kazi. Ndiyo maana swali la mama lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Aliona katika katuni ile nyumba ambamo mnyama halipi kodi ila kwa kudeka, akataka kujua ni watu wa namna gani hao. Hilo ni swali la kielimu. Mwanafunzi wangu wa chuo angeliandika katika insha ningempa alama za juu. Mjukuu wake hakulisikia.

Hapa ndipo somo langu lilipo. Kicheko kiliwakutanisha bibi na mjukuu, lakini hakikuweza kuwavusha. Kwa dakika moja walikuwa pamoja, kisha filamu ikaisha na kila mmoja akabaki ng'ambo yake. Tukizoea kuridhika na vicheko vya pamoja, tutadhani kuwa jamaa zetu wangali wanazungumza, kumbe wanatazama tu.

Wako watakaoniambia kuwa natia chumvi. Watataja sensa ya mwaka wa 2019, iliyohesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na Abagusii zaidi ya milioni 2.7 kote nchini. Watataja redio ya Egesa FM inayotangaza kwa Ekegusii mchana kutwa. Lugha yenye wasemaji wengi hivyo itakufaje? Nakubali kwamba Ekegusii hakifi kesho. Lakini sensa huuliza mtu ni wa kabila gani. Haimuulizi kama anaweza kujibu swali la bibi yake. Binti yangu alihesabiwa. Ni mmoja wa hao milioni 2.7.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya serikali. Kweli, serikali haijanyamaza. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za wananchi. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umezipa lugha za kiasili nafasi katika gredi tatu za mwanzo. Karatasi zimejaa pomoni. Lakini mwalimu wa gredi ya pili anauliza swali la haki: nitafundisha kwa kutumia nini? Vitabu ni haba, na katuni za Ekegusii zinazoweza kushindana na zile za ng'ambo ni haba zaidi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wametupa Ubongo Kids tangu mwaka wa 2014, na baadaye Akili and Me, nazo zimekifaa Kiswahili. Nazipongeza. Lakini kutengeneza katuni kunahitaji fedha, studio na wachoraji, na hatuwezi kungoja hadi kila lugha ya Kenya ipate vitu hivyo.

Ndipo nikajiuliza: je, si paka huyu huyu asiyesema ndiye kitabu tunachokitafuta? Maadamu hana lugha yake, tunaweza kumpa yetu.

Wazo hili si jipya. Zama za sinema zisizo na sauti, Wajapani walikuwa na wasimulizi waitwao benshi, waliosimama kando ya picha wakawasemea wahusika wote, na watu wengine walilipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi kuliko filamu. Hapa kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo ingaliko. Uganda wapo wafasiri wa filamu katika mabanda ya video. Tanzania ilipata Lufufu. Nasi Kenya tunaye DJ Afro, ambaye amezifasiri filamu za mapigano za Wachina, Wahindi na Wamarekani kwa Kiswahili cha mtaani hadi vijana wakasahau kuwa wahusika wale walisema lugha nyingine. Walimu wengi huwadharau wafasiri hao kwa kuwa Kiswahili chao si sanifu. Mimi nawavulia kofia. Wametufunza kwamba picha ya mgeni si lazima ije na ulimi wa mgeni.

Sasa tuingie darasani. Kila mwaka walimu wa Kiswahili huwapa watoto orodha ya tanakali za sauti wazikariri: anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, anguka sakafuni pa, nyamaza jii, funga ndi. Mtoto huzimeza kama dawa, akazitapika siku ya mtihani. Je, ikiwa mwalimu ataonyesha filamu ya dakika moja, paka akianguka kutoka kabatini, na kuwaachia watoto wenyewe waseme ameanguka vipi? Je, ni pa, au ni pu? Kama ameanguka ndani ya karai la maji? Hapo tanakali inarudi mahali ilipozaliwa, yaani masikioni na machoni, wala si ubaoni. Na mtoto wa Kisii akileta tanakali ya Ekegusii, asizomewe. Iandikwe kando ya ile ya Kiswahili, zilinganishwe. Lugha za Kibantu ni tajiri mno kwa maneno ya aina hii, na sisi wanaisimu tungali tunayakusanya.

Halikadhalika mwalimu wa shule ya upili anaweza kumtumia paka huyo kufundisha usimulizi: hadithi ile ile isimuliwe na paka, kisha na bwana aliyelala, kisha na jirani aliyechungulia dirishani. Hakuna gharama ila simu moja na utayari wa mwalimu kukaa kimya watoto wanaposema. Jambo hilo la pili ndilo gumu kwetu.

Nisije nikawa kama mganga asiyejiganga, nilianza na nyumba yangu. Tulirudi Nyamira wakati wa Pasaka. Jioni ya kwanza niliwakalisha bibi na mjukuu mbele ya simu, nikaizima sauti kabisa, nikamwomba mama atusimulie anachokiona, kwa Ekegusii, polepole. Mwanzoni aliona haya. Alisema hajui mambo ya sinema. Lakini paka alipomkanyaga bwana wake kifuani hakuweza kujizuia. Alisema bwana huyo bila shaka ni kapera, maana mwenye mke hawezi kulala hadi jua lichomoze bila kutikiswa. Alisema paka huyo ni wa kupewa ghala moja na usiku mmoja tu, atasahau gongo. Binti yangu alikuwa akiuliza, "Hilo ni neno gani? Na hilo je?" Mimi nilifasiri mwanzo, kisha kidogo, kisha nikatoka nje nikijidai nakwenda kuwaangalia ng'ombe.

Niliporudi nilikuta somo limehama. Mama alikuwa amemwacha paka wa Tofield na kuingia katika hadithi ya Egesusu, na binti yangu alikuwa akijaribu kutamka jina hilo. Alisema "ekesusu". Mama alicheka, akamsahihisha. Mtoto akauliza mbona paka ni ekemoni kwa "k" lakini sungura ni egesusu kwa "g". Lo! Moyo wangu uliruka. Hiyo ni Kanuni ya Dahl, ninayowafundisha wanafunzi wa chuo kila mwaka: konsonanti ya kiambishi hubadilika kuwa ghuna pale shina linapoanza kwa sauti sighuna kama "s", na hubaki "k" pale shina linapoanza kwa sauti ghuna kama "m". Ndiyo sababu sisi husema Ekegusii, ilhali Wakikuyu, wenye kanuni hiyo hiyo, husema Gĩkũyũ. Nilifungua kinywa kueleza. Mama alinitazama akasema, "Ndivyo inavyosemwa." Nikafunga kinywa.

Sidai kuwa tumeshinda. Binti yangu alirudi Nairobi na maneno ya Ekegusii yasiyozidi ishirini, na maneno ishirini si lugha. Kuna siku tunachoka, Kiingereza cha kazi ya ziada kinatangulia, na wiki inapita bila neno jingine. Nimejifunza pia kwamba siwezi kumlipa mwalimu afanye kazi hii ikiwa mimi mwenyewe naikwepa. Na wenzangu wa vyuo vikuu, tunaoandika makala kuhusu lugha zilizo hatarini za mabara ya mbali, tuulizane kwa upole ni lugha gani tunayoitumia tunapowaita watoto wetu mezani.

Jumapili iliyopita mama alipiga simu. Kabla sijaipokea vizuri, binti yangu aliichukua mkononi mwangu. Nilimsikia mama akiuliza, kwa Ekegusii, kama ekemoni yule mvivu amekwisha kamata panya hata mmoja. Binti yangu alifikiri kidogo. Kisha akajibu, kwa Ekegusii chenye makosa mawili, kwamba bado, kwa kuwa angali amelala.

Wakacheka wote wawili, mmoja Nyamira, mmoja Nairobi. Mimi sikuulizwa neno.